Mapenzi ya Kwenye Karatasi: Mwalimu Anajibu

Tangu tulipotangaza kwamba toleo la Maulidi litakuwa na hadithi fupi za mahaba, sanduku langu limefurika. Barua zinaingia kwa posta, zinaingia kwa simu, nyingine zinaletwa na watoto mpaka mlangoni kwangu Langoni wakati wa magharibi, saa ambayo mtu mwenye adabu hapigi hodi. Wawili kati yenu hawakuwa na hadithi kabisa. Walitaka niwapatanishe na waume zao. Hao nimewaelekeza kwa kadhi. Mimi nilisomesha Kiswahili mpaka nikastaafu, na sasa nasoma miswada ya watu barazani kwangu. Ujuzi wangu wa mapenzi unaishia kwenye karatasi, na marehemu mume wangu angewaambia hivyo hivyo.

Barua nimezifupisha, na majina nimeyafuta, kwa sababu Lamu ni mji mdogo na shangazi zenu wanalisoma jarida hili kuliko ninyi.

Mwalimu, shikamoo. Nimeandika hadithi ya fundi wa majahazi anayempenda binti wa mwenye duka. Binti nimemsifu vilivyo: macho ya swala, meno ya lulu, shingo ya twiga, sauti ya chiriku. Rafiki zangu wameisoma, wanasema huyo msichana hawamwoni. Nimwongezee sifa gani?
*Kijana, Matondoni*

Marahaba, mwanangu. Usimwongezee, mpunguzie. Macho umeyaazima kwa swala, meno kwa chaza, shingo kwa twiga, sauti kwa ndege. Ukivirudisha vyote kwa wenyewe, anabaki nani? Katika muswada wote sijamwona msichana huyu akifanya lolote isipokuwa kupita. Anapita asubuhi, anapita adhuhuri, na kila akipita fundi anaangusha nyundo. Kazi ya jahazi itakwisha lini?

Na hebu tuulizane: shingo ya twiga fundi wako ameiona wapi? Msichana umemvalisha buibui ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili umemtia ninja ya kufunika uso. Vizuri, ndivyo wanavyovaa wengi. Basi mwandishi afuate macho ya fundi, asitangulie mbele yao. Fundi anaona viganja. Anaona champali, tena upande mmoja umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Anasikia sauti kabla mwenye sauti hajatokea. Akikaa Matondoni muda wa kutosha anamjua kwa mwendo akiwa mbali, katikati ya wanawake wengine waliovaa buibui kama yeye, na msomaji akiona fundi amemtambua hivyo atajua hali yake bila kuambiwa.

Kisha mtie msichana dukani na umpe shughuli. Ni binti wa mwenye duka, sivyo? Basi anapima sukari. Babake akiwapo, mizani inasimama sawasawa. Babake akienda kuswali, mtoto aliyetumwa robo ya sukari anaondoka na robo na kidogo. Fundi ameligundua hilo, na hajamwambia mtu. Hapo mimi msomaji nimeshampenda msichana, tena nimempenda fundi kwa kuwa ameona na akanyamaza, na meno ya msichana sijayajua bado.

Fundi naye mpe mikono. Hadithi nzima umemwita fundi na hukumwonyesha akiwa kazini, nawe umezaliwa kati ya mataruma na mkuku. Tezo iko wapi? Keekee iko wapi? Wewe unajua, kuliko mimi ninayekaa mjini, mtu anayetia kalafati anavyokaa chini ya ubavu wa chombo siku kutwa akishindilia pamba kwenye maungio ya mbao. Unajua mafuta ya sifa, yale ya papa, yanavyonuka, na kwamba harufu ile haitoki kwa sabuni ya siku moja. Sasa mlete mtu huyo dukani jioni. Amekoga, amevaa shati safi, lakini mikono anaijua mwenyewe. Pesa anaziweka juu ya meza, hampi msichana mkononi. Na chenji anaomba iwekwe mezani pia. Msichana anamwona ana kiburi. Wiki nzima anampimia sukari sawasawa kabisa, hata babake akiwa msikitini.

Hiyo tayari ni hadithi, na imetoka kwenye kazi yake. Nadhani uliona haya ukajiambia mapenzi na papa havikai pamoja. Vinakaa, mwanangu. Wake za mabaharia wa Amu, yaani Lamu yetu hii, wamelijua hilo karne na karne.

Kuna jingine, nalielekeza kwa wote walioniandikia, maana nimelikuta katika karibu kila muswada. Wapenzi wamesimama gatini Lamu, wametazama bahari, na jua linazama mbele yao majini, limekuwa jekundu. Jamani! Mji wetu umetazama Manda, na Manda iko mashariki. Jua hutokea upande wa maji na huzama nyuma ya mji. Malindi ni vivyo hivyo. Kwenu Matondoni, upande ule mwingine wa kisiwa, ungenishawishi, lakini wapenzi wako umewaleta mjini. Magharibi yetu hapa ni kivuli cha nyumba kinachoteremka kwenye maji wakati mikoko ya Manda ingali na mwanga. Ukitaka kitu kinachotoka baharini jioni na kuwaangazia wapenzi, mwezi mpevu upo, nao huja na bamvua, kwa hivyo angalia maji yamefika wapi kabla hujawakalisha kwenye ngazi za gati. Jua linalozama baharini mmelitoa kwenye kalenda za nchi nyingine, na msomaji wa hapa akiliona tu anajua mwandishi hakuwa amesimama pale. Asiyeamini jua lako hataamini busu lako.

Mwalimu, riwaya yangu inahusu wapenzi wanaokataliwa na baba wa msichana. Baba nimemfanya katili, mlevi, mwenye tamaa ya mahari makubwa. Aliyenisomea alisema baba haaminiki. Lakini wazazi wa namna hiyo si wapo?
*Mama wa watoto, Malindi*

Wapo, mama, na nimefundisha watoto wao. Tabu ya baba katili ni kwamba anaimaliza hadithi mapema. Akishampiga binti ukurasa wa kumi, sisi sote tunajua la kufanya: wapande basi la Mombasa waondoke. Kurasa zilizobaki tunakungoja wewe tu ukubali.

Mimi ningekushauri umpe anayekataa haki yake. Tena haki nzito, ambayo hata binti mwenyewe usiku akiwa peke yake anaiona.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021. Kabla ya hapo bahari ilichimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, huko huko kwenu Malindi, iliamua walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Sasa mchukue mvuvi mmoja kati ya hao. Babu yake alivua mahali fulani, baba yake akavua papo hapo, naye alidhani watoto wake watavua papo hapo. Leo pale panapita meli. Siku moja wanakuja wazee wamevaa kanzu na makoti kumposea binti yake. Kijana ni mstaarabu, anaswali, hana sigara wala miraa, ana mshahara wa kila mwezi. Anafanya kazi bandarini.

Kila shangazi anasema ndiyo. Mama anasema ndiyo. Baba anasema hapana, wala hapandishi sauti.

Huyo baba nitamsoma mpaka asubuhi. Binti hawezi kumchukia, na kijana hawezi kuacha kazi, kwa sababu mshahara ule unawasomesha wadogo zake. Hakuna mlevi hapo. Kila mtu anatenda lililo sawa, na wapenzi wamebanwa katikati. Halafu utafute kitu kidogo kitakachombadilisha baba, au kisichombadilisha. Usilete ajali ya mashua ambamo kijana anamwokoa mzee asizame. Nimesoma ajali za namna hiyo mpaka nikishika muswada mpya naangalia kwanza kama kuna mashua.

Halafu, mama, umeiruka posa! Umeandika, "Walikuja wakaposa, wakakataliwa," ukaendelea na machozi ya binti. Umetupa chumba kizima chenye watu. Fikiria: wazee wa kiume wamekaa msana, ukumbini, kahawa chungu imetoka, halwa iko kwenye sahani na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Wanazungumza kusi limeanza mapema mwaka huu, wanazungumza bei ya mafuta ya mashua, jambo lenyewe halitajwi. Binti yuko ghorofani hasikii maneno, anasikia vikombe tu. Kikombe kikiwekwa kwa nguvu, moyo unaruka. Kwangu mimi onyesho la mapenzi lililo bora kabisa katika hadithi ya Kiswahili ni hilo, na wapenzi hawamo chumbani.

Na mahari si tarakimu moja ya kumwonyesha baba mwenye tamaa. Kuna mahari yenyewe, haki ya bibi arusi. Halafu kuna desturi zake: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kipa mkono, na nyingine zinazotofautiana nyumba kwa nyumba. Kila moja ina mwenyewe, na penye mwenyewe pana ugomvi unaoaminika. Mathalani mkaja. Ni wa mama, kwa tumbo lililombeba na kumlea mtoto. Haya, katika riwaya yako mama mzazi wa binti aliachwa zamani, akaolewa Mombasa, na binti amelelewa na mke mwingine wa baba tangu akinyonya. Mkaja upelekwe wapi? Binti anaulizwa. Akijibu hivi, anamuumiza yule. Akijibu vile, anamuumiza huyu. Na mchumba, ambaye ameleta pesa za mkaja mmoja tu, anakwenda kimya kimya kumuuzia mtu pikipiki yake ili mikaja iwe miwili. Hamwambii binti. Binti anajua kwa sababu siku ya pili amemwona akija kwa miguu.

Pikipiki nimeiweka kwa kuwa wewe ni wa Malindi. Ingekuwa Lamu angeuza punda.

Hadithi yangu ni ya mwaka 2014. Wapenzi wanatembea ukingoni mwa bahari hapa Lamu saa sita za usiku, wanahesabu nyota. Dada yangu anasema haiwezekani. Mimi nasema hadithi ni hadithi.
*Msomaji, Langoni*

Jirani yangu, dada yako ana haki. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku. Nyota zingehesabiwa na askari.

Lakini usibadilishe mwaka. Umeshika dhahabu nawe hujui. Kijana ameleta ujumbe nyumbani kwa kina binti alasiri, mazungumzo yamerefuka, mara saa imefika, hawezi kutoka tena mpaka asubuhi. Yumo ndani, pamoja na baba, kaka wawili, na nyanya asiyelala. Analazwa msana, na kaka mkubwa anatandika mkeka wake kuzuia mlango wa ndani. Binti yuko upande wa pili wa ukuta. Alfajiri wanakutana kwenye birika la maji ya kutawadha kwa muda wa kumwaga kata mbili. Andika hiyo.

Shikamoo, Mwalimu. Wapenzi katika hadithi yangu wanaongea kwa WhatsApp mwanzo mpaka mwisho. Babu yangu anasema hayo si mapenzi. Rafiki zangu wanaipenda ila wanasema inachosha katikati. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Mkomani*

Marahaba. Babu yako naye aliandika barua zilizotiwa marashi, muulize vizuri. Simu haina kosa. Kosa ni kwamba wapenzi wako hawana la kuambiana. "Nakupenda." "Nami pia." "Nakupenda zaidi." "Hapana, mimi ndiye zaidi." Hilo linawafurahisha wawili tu duniani, nao si wasomaji wako.

Neno hilo lifute lote, liache mahali pamoja, nawe uchague mahali penye hatari. Kwingine waache wazungumze mengine. Mvuvi amechelewa kurudi wakati wa kusi, tiki imebaki moja tangu juzi. Kisha:

"Mashua yako imerudi?"
"Imerudi."
"Nilidhani bahari imeichukua."
"Ungefurahi."
"Ningelala mapema."

Hakuna aliyesema anampenda mtu. Na ukiandika watu wa Amu, waache waseme kama watu wa Amu. Mama mzima wa Mkomani anayemwambia mumewe "mpenzi wangu wa dhati" amelitoa kwenye runinga. Atamwambia, "Ndoo ule," yaani njoo ule, na namna atakavyomtengea kile chakula ndiyo itakayotueleza kama wamegombana.

Jingine la simu: simu ya mtu ni ya nyumba nzima. Mdogo wake anachezea michezo, mamake anapigia Mombasa, bando limekwisha, chaji imekwisha. Hapo ndipo katikati yako itaacha kuchosha.

Bi Mwalimu, hadithi yangu ni ya kijana wa ufuoni hapa Malindi na mwanamke wa Kiitaliano anayekuja kila mwaka. Ni mapenzi ya kweli, hayana pesa ndani. Kila anayeisoma ananiambia kijana ni tapeli. Nimechoka kueleza.
*Msomaji, Malindi*

Wanamwona tapeli kwa sababu umezificha pesa. Nimeisoma. Wanakula kamba na pweza, bili haiji. Wanakwenda Watamu, hakuna anayelipa nauli. Kijana anavaa miwani mipya, haikununuliwa na mtu, imemwota usoni. Malindi ni mji ambao Waitaliano wamekaa miaka mingi, muuza maembe anakutajia bei kwa Kiitaliano, na kila msomaji wako ana binamu aliyefanya kazi hotelini au kwenye nyumba ya mgeni. Ukimnyamazia msomaji huyo kuhusu pesa, atajaza mwenyewe, naye atajaza mabaya.

Bili iweke mezani. Nani anaivuta? Kijana anatazama wapi wakati ule, baharini au kwenye mkono wa mwanamke? Mimi ningempa kijana jambo moja analoling'ang'ania: tuktuk analipa yeye. Hotelini hawezi, ndege hawezi, lakini tuktuk ni yake. Matokeo yake ni kwamba wanapanda tuktuk hata mahali pa kufika kwa miguu, na mwanamke, ambaye angependa kutembea, ameshaelewa kwa nini, na anapanda. Hapo umeandika pesa na mapenzi pamoja, kwa shilingi mia, na tapeli hayumo.

Hujaniandikia pia miezi ile mingine. Mgeni huja kwa kaskazi. Mvua ya masika ikishika Aprili, hoteli kadhaa hufunga, wafanyakazi hupewa likizo isiyo na mshahara, ufuo unabaki na mwani. Kijana anaishije? Anamwambia nini mamake, ambaye anaulizwa na majirani mbona nyumba bado ni ya makuti? Na mwanamke huko kwao ni nani, anaamka saa ngapi, anamwambia nani kuhusu Malindi? Riwaya yako inaruka kutoka Machi hadi Desemba kama vile watu hawa hukunjwa wakawekwa sandukuni. Kama mapenzi haya ni ya kweli, yatathibitika Juni, mvua inanyesha, anayempigia mwenzake hana salio.

Na mwanamke mpe umri na jina la kazi yake. Kumwita "mzungu" kurasa sitini ni kumfanya mandhari.

Bi Mwalimu, mimi na wenzangu wa chama tunabishana. Mwandishi wa mahaba aingie chumbani na wapenzi au abaki nje? Nikifunga mlango wasomaji wanalalamika. Nikiuacha wazi, mume wangu atasoma.
*Bibi, Shela*

Shoga yangu, sisi sote tumekaa kwenye makesha ya harusi, na tunajua yanayoimbwa pale wanaume wakishaondoka. Maneno tunayo, tena ya kutosha. Kila neno lina wasikilizaji wake, na hadithi ya jaridani inasikilizwa na kila mtu, pamoja na imamu na mjukuu wako wa darasa la sita. Kwa hivyo mimi ni mtu wa kufunga mlango. Ninachowagombeza waandishi ni namna wanavyoufunga. Mlango unafungwa, nyota tatu katikati ya ukurasa, halafu: "Baada ya miezi miwili..." Tumeibiwa. Usiku ule ulikuwa na kesho yake, nayo kesho inaruhusiwa kuandikwa bila kumwonea mtu haya.

Asubuhi ya kwanza ya fungate, mwangalie bibi arusi wako alipokaa. Jana alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja mashua ya Mokowe. Leo amekunja miguu juu, anakunywa chai kwenye kikombe cha mumewe huku chake kimepoa. Bwana arusi jana alimwita kwa jina lake lote na la babake. Leo hamwiti kwa jina lolote, anasema tu "wewe," na sauti imebadilika. Msomaji mzima ameelewa, mjukuu anadhani ni habari ya chai.

Mwana Kupona binti Mshamu alilijua hilo mwaka 1858, alipomtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa. Wengi wanamsoma kwa ajili ya utiifu wa mke kwa mume, na wasichana wa leo wanamgombeza kwa hilo, nami kuna siku nawaunga mkono. Lakini msome kama mwandishi. Mume amelala, na mama anamwambia binti asimwamshe, akae karibu naye, ampapase, ampepee. Mkono unaompepea mtu aliyelala, ambaye hata hatajua alipepewa. Mimi katika miswada yote niliyoletewa mwezi huu, pamoja na ule wenye kitanda cha duara, sikupata jambo la faragha kuliko hilo.

Mume wako mpe asome. Akiuliza umeyajulia wapi, mwambie umeota.

Mwalimu mwenzangu, salaam. Nina hadithi ya mjane wa kiume na mwanamke aliyeachika, wote wamepita miaka sitini. Mwanangu ananiambia wazee si mahaba, na kwamba lazima iishe kwa harusi ndipo wasomaji waridhike. Wasemaje?
*Mzee, Faza*

Mwambie mwanao anunue kalamu yake.

Vijana wanazuiwa na wazazi, na wazazi siku moja watakufa au watachoka. Wazee wako wanazuiwa na watoto wao, na hao ndio kwanza wana nguvu. Wana wa mjane wanafikiria shamba la minazi litagawanywa vipi. Mabinti wa mwanamke wanauliza nani atawashikia watoto mama akihamia kwa mume. Wote wanasema wanaogopa watu watasema nini. Mjane kila Ijumaa analizuru kaburi la mkewe, na mwanamke yule anamfulia kanzu ya kwendea. Hujaniambia kama unalijua hilo ulipoliandika, lakini kanzu ile ni sehemu bora ya muswada wako, umeiweka kwenye sentensi moja na kuikimbia. Rudi nayo. Siku kanzu inaporudi haikupigwa pasi, tunataka kujua kwa nini.

Harusi iweke katikati, isiwe mwisho. Harusi ya wazee ni jambo la muda mfupi baada ya alasiri: mashahidi wawili, tende, kahawa, kila mtu anarudi nyumbani kwake isipokuwa mmoja. Usiipambe, kurasa mbili zinatosha. Kisha waandike wakiwa ndani. Mume amelala upande wa dirisha miaka arubaini. Mke naye kwake alilala upande wa dirisha. Hakuna anayetaka kusema, kwa kuwa wamekuwa watu wazima na wana adabu, na joto la Februari linawachemsha. Hapo nataka kurasa nyingi, na nataka kujua nani alishinda.